Utafiti wa afya Pemba: damu na mkojo tunatoa sisi, maswali wanapanga wengine. Hadi lini?

BintiKonde

Assalaam alaykum wana jukwaa. Uzi mrefu huu, nivumilieni.

Shehia yetu imeletewa tena barua. Watafiti wanakuja, watapita nyumba kwa nyumba, watachukua vipimo, tuwape ushirikiano. Barua ina muhuri na kibali kipo, sina tatizo na hilo. Ila kila kitu kishaamuliwa. Swali limeshachaguliwa, fomu zimeshachapwa, tarehe zimeshapangwa, na tarehe zenyewe zimeangukia katikati ya mavuno ya karafuu, wakati watu wengi wa hapa wamehamia mashamba na milango ina makufuli. Angeulizwa mtu yeyote wa kijiji hiki mapema, hata mtoto wa darasa la sita, angelisema.

Mie ni mhudumu wa afya wa kujitolea, na mara kadhaa nimechukuliwa kama mkusanya taarifa kwenye miradi. Kwa hiyo nawajua watafiti na nawajua majirani zangu. Sipingi utafiti hata kidogo. Tuliosoma skuli za kaskazini tunakumbuka wenzetu wakikojoa damu kwa kichocho na hakuna aliyeshtuka, ilikuwa jambo la kawaida tu. Tangu mwaka 2000 tuna maabara ya afya ya jamii ya Ivo de Carneri pale Wawi. Malaria iliyokuwa ikijaza wodi imeshuka mno. Dawa za matende zilianza kugaiwa kwa umma 2001. Yote hayo yana utafiti nyuma yake, na utafiti wote una watu wa kawaida waliokubali kutobolewa kidole.

Kuna habari moja nataka kila mzazi wa Pemba aijue. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulifanyika hapa kwetu utafiti mkubwa wa madini ya chuma. Watoto zaidi ya 24,000, wenye umri wa chini ya miaka mitatu, waligawiwa katika makundi: wengine wakipewa chuma na asidi ya foliki, wengine chuma na foliki pamoja na zinki, wengine vidonge visivyo na dawa ndani yake. Wakati ule ushauri uliokuwa ukifuatwa duniani ni kwamba pale penye upungufu wa damu kwa wingi, watoto wapewe chuma wote. Agosti 2003 makundi ya chuma yakasimamishwa kabla ya muda, kwa sababu wasimamizi wa usalama wa utafiti waliona watoto wanaopewa chuma wanaugua sana na kufariki kuliko wenzao. Matokeo yalichapishwa 2006: hatari ya kulazwa kwa ugonjwa mkali au kufariki ilikuwa juu kwa asilimia 12. Pemba ya wakati ule ilikuwa na malaria nyingi, na chuma anachopewa mtoto asiyekihitaji, katikati ya malaria, kinaweza kumdhuru. Shirika la Afya Duniani likabadilisha ushauri wake wakati ule: sehemu zenye malaria nyingi, chuma kisigaiwe tu kwa kila mtoto mdogo.

Watoto wa nchi nyingi wamekingwa na kitu kilichojulikana kwa watoto wa Pemba. Nimewauliza kina mama wa rika langu hapa kijijini, hawaijui habari hii. Mie mwenyewe nimeisoma mtandaoni, nishakuwa mtu mzima na watoto wangu. Hili linaniuma kweli. Kitu kikubwa namna hii kingepaswa kuhadithiwa kila nyumba iliyotoa mtoto, na wenye nyumba hizo wakaulizwa: mnaonaje, utafiti unaofuata tuupangeje?

Ninachokitaka ni raia awepo tangu swali linapotungwa. Aseme ni maradhi gani yanatusumbua, aseme msimu gani watu wapo, aisome fomu ya ridhaa kabla haijachapwa aseme hapa hatutaelewa, na matokeo yakitoka akae na watafiti kuyasoma na kuamua yarudishwe vijijini vipi. Azimio la Helsinki, ambalo ndilo linaloongoza maadili ya utafiti kwa binadamu duniani tangu 1964, lilifanyiwa marekebisho Oktoba 2024, na sasa linasema wazi kwamba washiriki na jamii zao wahusishwe kwa maana kabla ya utafiti, wakati wa utafiti na baada yake. Kwa hiyo siombi hisani.

Karibuni tuchangie. Wenye uzoefu wa Unguja na kwengine pia.

Mchumakarafuu

Waalaykum salaam. Umegusa penyewe. Wakija msimu wa karafuu wanakuta wazee na mbuzi. Halafu ripoti itaandikwa "mwitikio ulikuwa mdogo", kama kwamba watu wamekataa.

Kuna na Ramadhani pia. Mradi mmoja, siutaji, ulitaka kutoa damu mchana wa Ramadhani. Watu wakaanza kuulizana kama saumu inabatilika, kila mtu ana sheikh wake na jibu lake, mwisho wengi wakaona bora wasiende. Wangemuuliza imamu wa msikiti wowote mwezi mmoja kabla, wangepanga baada ya Idi.

Dk_Mtoni

Bi Konde, shukran kwa uzi. Mimi niko upande wa pili, nafanya kazi ya utafiti Unguja, na nitasema kama yalivyo.

Unachokiona kijijini kwako ni mwisho wa safari ya miaka miwili au mitatu. Mtafiti anaandika andiko, anaomba fedha, mfadhili anakubali, andiko linapelekwa kwenye kamati ya maadili, linarudishwa, linarekebishwa, linapita. Hapo ndipo mnaandikiwa barua. Sasa ukiniambia siku hiyo "badilisha swali la nane" au "sogeza tarehe", swali la nane likibadilika lazima nirudi kwenye kamati kuomba marekebisho, na mfadhili ana tarehe zake za matumizi ya fedha. Mtafiti anakwambia "haiwezekani" na wewe unaona kiburi. Mara nyingi mikono yake imefungwa kweli.

Kwa hiyo kosa liko mapema zaidi ya unapolitazama. Raia anatakiwa siku ile andiko linapoandikwa, na siku hiyo hakuna fedha hata ya nauli ya kumtoa Konde kumleta Chake. Wenzetu Uingereza wamelishughulikia hilo. Kule mwombaji fedha za umma za utafiti wa afya anatakiwa aeleze kwenye maombi yake amewashirikisha vipi raia, na raia huyo analipwa kwa muda wake. Wana pia utaratibu ulioanza 2004 unaoitwa James Lind Alliance: wagonjwa, wanaowauguza na madaktari wanakaa pamoja, wanakusanya maswali yasiyo na majibu kuhusu maradhi fulani, wanayachuja mpaka yabaki kumi. Ukitazama orodha zao utaona wagonjwa wanauliza mambo ambayo sisi madaktari hatuyapi uzito: uchovu, usingizi, maumivu ya kila siku, nani atamtazama mtoto wangu nikilazwa.

Lakini naomba tusijidanganye kwamba Zanzibar haijawahi kujaribu. Mradi wa kutokomeza kichocho, ule ulioanza 2011 na kufanyika Unguja na Pemba, ulikuwa na shehia 90, arubaini na tano kila kisiwa, zikagawiwa makundi matatu. Kundi la kwanza dawa ya prazikwanteli mara mbili kwa mwaka. La pili dawa pamoja na kuua konokono wanaoeneza kichocho kwenye maji. La tatu dawa pamoja na kubadilisha tabia, na hilo la tatu wananchi wenyewe walikaa na watafiti wakabuni nini kifanyike: walimu wakafundishwa namna ya kufundisha kichocho kwa michezo, vikajengwa vyoo vya kukojolea na majukwaa ya kufulia ili kina mama wasiingie mtoni, ikawekwa Siku ya Kichocho skuli. Huo ni ushirikishwaji hasa.

Pwani_Kuu

Dk umesema sehemu tu, malizia basi. Matokeo ya mwisho yalipochapishwa 2019 yalionesha makundi matatu hayakutofautiana sana. Kichocho kilipungua, lakini hakikwisha, na shehia za kubadilisha tabia hazikuzipita za dawa peke yake. Miaka yote ile ya vikao na majukwaa ya kufulia! Nauliza kwa nia njema kabisa: kama wananchi walishiriki na ugonjwa haukushuka zaidi, tunagombania nini?

Dk_Mtoni

Ni kweli, matokeo ndivyo yalivyokuwa. Sina cha kuficha.

BintiKonde

Pwani_Kuu, swali zuri na sitalikimbia.

Kwanza, ule utafiti ulikuwa unapima mbinu za kupambana na kichocho. Haukuwa unapima kama raia kukaa na mtafiti kuna faida. Dawa mara mbili kwa mwaka ilikuwa imeenea shehia zote tisini, basi ukiongeza kitu juu yake, tofauti inakuwa ngumu kuonekana. Na tabia ya mtu kwenye maji haibadiliki haraka kama hajapata maji mengine. Njoo huku uone. Kisima chetu maji yake yana chumvi, sabuni haitoi povu. Maji ya bomba yanakuja usiku, siku yanapotaka. Mama mwenye watoto watano na nguo za skuli afanye nini? Anajua fika kuna kichocho mtoni, anaweza kukueleza mpaka konokono wake. Anaingia hivyohivyo. Jukwaa moja la kufulia kwa shehia nzima ni jambo jema, lakini waulize wanawake wangapi wanaishi mbali nalo.

Pili, tazama kilichofuata. Tangu 2020 kuna utafiti mwengine huku kaskazini mwa Pemba. Pale ambapo kichocho kimebaki kidogo hawagawi tena dawa kwa kila mtu. Wanampima mtoto skuli, akikutwa nacho anatibiwa, kisha wanafuata maji anayoyatumia, wanapima watu wanaokwenda pale na wanatafuta konokono. Mbinu hiyo yote inasimama juu ya mtoto mmoja kusema ukweli: naogelea pale, nyuma ya bonde la mpunga. Mtoto aliyekatazwa na mama yake kwenda mtoni atasema ukweli kwa mtu asiyemjua? Hapo huna dawa wala mashine ya kukusaidia. Una uaminifu tu, na uaminifu haujengwi siku ile ya kipimo.

UmmuSalma

Nimesoma yote. Mie ni mama tu, sina elimu ya utafiti, ila nina la kusema.

Mwanangu alipimwa kichocho skuli. Wakampa kikopo, wakamwambia aruke ruke kidogo kisha akojoe, saa sita mchana, jua la utosi. Akarudi nyumbani anauliza kwa nini wasichukue mkojo wa asubuhi kama spitali. Sikuwa na jibu. Jirani yangu akasema wanataka mkojo wa jua kali kwa sababu wanaupeleka wanakokujua wao, wakaendelea na maneno ya mumiani, na wiki ya pili yake watoto kadhaa wakafichwa nyumbani.

Kuna siku nyengine wakapewa dawa za kichocho bila kula kitu. Walitapika, wengine kizunguzungu, mmoja akalala chini. Tangu hapo mie siku ya dawa namkalisha mwanangu mpaka amalize uji na muhogo ndipo aende. Nilijifunza kwa shida, na naamini kila mama hapa kajifunza hivyohivyo peke yake.

Dk_Mtoni

Bi UmmuSalma, pole sana na ahsante. Nikujibu la mkojo kwanza, kwa sababu ulistahili jibu siku ileile. Mayai ya mdudu wa kichocho hutoka kwa wingi zaidi kwenye mkojo kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana. Kuruka kidogo kunasaidia mayai yatoke. Mkojo wa alfajiri ungeweza kuonesha mtoto mzima kumbe anaumwa. Ni hilo tu. Sentensi tatu.

Na la kula, uko sawa kabisa. Prazikwanteli inavumilika vizuri zaidi mtu akiwa amekula. Kina mama wangekuwa kwenye kikao cha kupanga, la kwanza wangeuliza: watoto watakula nini kabla? Na bajeti ya uji ingeingia.

Mzee_wa_Dago

Vijana, mimi nina wasiwasi mmoja na nausema kwa kuwa nimeuona kwa macho yangu. "Kushirikisha jamii" huku kwetu hugeuka kuwa watu walewale. Anaitwa sheha, anaitwa mwalimu mkuu, anaitwa kijana mmoja anayejua kuzungumza, na mwenye duka. Wanakaa, wanapewa soda na bahasha, wanatia saini karatasi ya mahudhurio. Mradi unaandika: jamii imeshirikishwa. Mvuvi aliyeko dago, kambi ya uvuvi, mwezi mzima hakuulizwa. Mwanamke mwenye mguu wa matende hakuulizwa, kwa sababu hatoki ndani. Mwenye busha ndiyo kabisa, nani atasimama mbele ya watu aseme?

Na hao ndio wenye elimu tunayoitafuta. Mwenye matende anajua mguu unavyouma usiku, anajua viatu gani vinaingia, anajua ule mguu unavyopata nafuu ukioshwa kwa sabuni na kukaushwa kila siku, na anajua anavyotazamwa harusini. Akiwa mezani, swali la kwanza la utafiti halitakuwa "umemeza dawa?" Litakuwa jengine.

BintiKonde

Mzee, Mungu akuweke. Hilo ndilo hasa.

Sheha lazima aarifiwe, ndiyo utaratibu na ndiyo adabu. Lakini sheha kuarifiwa ni ruhusa ya kuingia kijijini. Hawezi kunisemea mie kuhusu uzazi wangu, wala hawezi kumsemea mwenye busha.

Kombo_Mombasa

Salaam kutoka ng'ambo ya pili. Shemeji yangu anaishi Kilifi, na kule kwenye kituo cha utafiti cha KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, na Wellcome, shirika la Uingereza linalofadhili utafiti wa afya, wana wawakilishi wa jamii waliochaguliwa na wakazi wenyewe, kila eneo na watu wake. Wanakutana na watafiti mara kwa mara, wanaelezwa tafiti zinazokuja, na wao wanaleta maneno ya mtaani: uvumi wa damu, malalamiko, nauli haitoshi, fomu haieleweki. Hawaajiriwi kukusanya data, na hilo ni muhimu. Mtu akilipwa na mradi kwa kukusanya sampuli, ataweza kweli kuusema mradi? Tatizo wanalolipata, kwa maelezo ya shemeji, ni kwamba baada ya muda majirani wanawaona hawa nao ni watu wa kituo. Kwa hiyo lazima wabadilishwe, wachaguliwe upya.

Pwani_Kuu

Naanza kuelewa. Ila suala la elimu bado. Mambo ya ukubwa wa sampuli, makundi ya kulinganisha, vidonge visivyo na dawa, mkulima atachangia nini?

Dk_Mtoni

Hatumuiti mkulima apige hesabu ya sampuli, ndugu yangu. Hiyo ni kazi yangu na nalipwa kuifanya. Lakini chukua chanjo ya kipindupindu. Mwaka 2008, kabla ya chanjo, watafiti walikwenda Chumbuni, Unguja, na Mwambe huko Pemba, wakawauliza watu wanakielewaje kipindupindu na kama wataikubali chanjo ya kunywa. Kazi nzuri ile. Mwaka 2009 chanjo ikatolewa kwenye shehia zilizochaguliwa, dozi mbili, na baadaye ikaonekana aliyechanjwa alikingika kwa kiasi cha asilimia 79. Chanjo imefanya kazi. Lakini waliomaliza dozi zote mbili walikuwa takriban nusu tu ya waliokusudiwa. Kuwauliza watu maoni ni hatua moja. Kuwapa nafasi ya kupanga siku, saa na mahali pa dozi ya pili ni hatua nyengine, na hapo mkulima na mvuvi wanajua kuliko mimi.

Na hata mambo ya makundi ya kulinganisha, mtu akielezwa kwa utulivu anaelewa. Nimemweleza mama yangu mzazi kwa nini wengine hupewa kidonge kisicho na dawa. Akaniuliza: "Na mkiona wale wenye dawa wanapona, wale wengine mtawapa lini?" Hilo ndilo swali ambalo kamati ya maadili hutuuliza.

UmmuSalma

Nami niulize. Kama nimeshatia dole gumba kwenye fomu, nikitaka kujitoa naweza? Au nikitaka kuuliza matokeo, namuuliza nani? Wale vijana waliokuja hawarudi tena.

Dk_Mtoni

Unaweza kujitoa siku yoyote, bila kutoa sababu, na matibabu yako ya kawaida spitali hayaguswi. Karatasi ya taarifa unayosomewa lazima iwe na simu ya mtafiti mkuu na simu ya kamati ya maadili iliyotoa kibali. Nakala yako ubaki nayo, usikubali waondoke na zote mbili. Piga simu, uliza. Na kuhusu matokeo: Azimio la Helsinki linasema washiriki wapewe nafasi ya kujulishwa matokeo ya jumla ya utafiti. Ukiwa kwenye utafiti una haki ya kuuliza, mama.

Mchumakarafuu

Basi tufanye jambo, tusiishie kuandika. Bi Konde, ile barua ya shehia yenu imeshajibiwa?

BintiKonde

Bado. Nimezungumza na sheha leo baada ya laasiri. Amekubali kikao na watafiti kabla hawajaanza, na amekubali wanawake wakae kikao chao peke yao, kwa sababu mchanganyiko hawatasema. Ninayoyapeleka ni haya: tarehe zisogezwe mpaka watu warudi kutoka mashamba, tuisome fomu ya ridhaa kabla ya kutiwa saini na mtu wa kwanza, waseme watarudi lini na matokeo, na nani atakuja, kwa maandishi, na kwenye andiko lao lijalo waweke nauli za watu watatu wa kijiji kukaa nao tangu mwanzo, wawili wanawake, na mmoja awe anaumwa hayo maradhi wanayoyatafiti. Tarehe najua inaweza kuwalazimu kurudi kwenye kamati, Dk ameshaeleza. Wakisema haiwezekani mwaka huu, basi waiandike hiyo sababu na wabaki nasi kwa andiko linalofuata.

Mzee_wa_Dago, huyo mwanamke mwenye matende uliyemtaja, kama yuko tayari nitamfuata nyumbani. Nitumie ujumbe pembeni.

Mzee_wa_Dago

Nishamuuliza. Anasema uje asubuhi, kabla ya saa tatu, mguu ukiwa haujavimba sana. Na anataka fomu ile aisomewe yote, asifupishiwe.